Mkuu, aliyokuambia mwanao usiyapeleke kwenye ushirika wa kanisa

Mkuu, futa hiyo aya ya mwisho ya chapisho lako. Mengine yote umeyapanga vizuri: kijana anatimiza miaka 12, umechukua mfano wa Luka 2, Yesu wa miaka 12 alipopanda Yerusalemu na wazazi wake, unataka mpande treni ya SGR mkakae Morogoro siku mbili mzungumze imani, pesa na wasichana. Umeuliza gesti, umeuliza kama baba yake wa ubatizo aende nanyi, umeuliza kama umri ni sahihi. Halafu ukamalizia kwamba mkirudi utatoa ushuhuda kwa akina baba na kutupia picha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mimi wangu nilimpoteza kwa njia hiyo hiyo.

Sisi hatukwenda mbali. Nilikuwa najenga Kigamboni, kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi, na Jumamosi nilikuwa naenda saiti na mwanangu mkubwa. Daraja la Nyerere lipo, lakini nilipenda tuvuke kwa kivuko, tusimame pembeni tukitazama meli zinavyoingia bandarini. Tukifika, kazi yake ilikuwa kumwagilia matofali. Fundi alikuwa amefyatua ya saruji, na ukiyaacha yakaukie kwenye jua la Dar bila maji yanapasuka. Anachota kwenye pipa, anamwaga safu kwa safu, mimi napanga yaliyokwisha kushika.

Siku moja, amenipa mgongo, kopo mkononi, akasema siku hizi anatoka shule kwa miguu. Kuna wavulana wakubwa wanamsubiri kituoni wanachukua nauli yake. Akasema huwa analia njiani, kisha ananawa uso kwenye bomba la jirani kabla ya kuingia ndani, mama yake asijue. Hakugeuka kunitazama. Aliendelea kumwaga maji kwenye tofali lile lile mpaka mchanga wa chini ukaanza kuchimbika.

Sasa, kipindi kile nilikuwa nimetoka kwenye semina ya akina baba. Mwezeshaji alitukazania kwamba ushindi wa nyumbani usipotangazwa mbele ya watu, shetani anauiba. Akatuuzia na kijitabu, mwishoni kina ukurasa wa kujaza ushuhuda wako na mwanao, na akatuagiza tukausome mbele ya wenzetu. Nami nikatii. Jumapili baada ya ibada nikasimama nikasimulia kila kitu, mpaka habari ya bomba. Niliamini kwa moyo wote kwamba namtukuza Mungu aliyeufungua moyo wa mtoto. Watu wakasema Amina, mzee mmoja akafuta machozi.

Baba mmoja pale akafika nyumbani akamsimulia mkewe mezani, watoto wanakula. Mtoto wao anasoma na wangu. Kabla wiki haijaisha shule nzima wanamwita Bomba. Wale wa kituoni nao wakapata la kumwimbia.

Alirudi siku hiyo akasimama mlangoni, begi bado mgongoni. "Baba, ulimwambia nani?" Nikakosa la kumjibu. Jumamosi akasema ana kazi nyingi za shule. Iliyofuata, tumbo linauma. Nyumba ikapandishwa, ikapauliwa, hajakanyaga tena saiti. Shikamoo anatoa, ukimuuliza anajibu "ndiyo, baba", basi.

Yule mwezeshaji bado ananikera, nasema wazi. Anazunguka makanisani kuwafundisha wanaume kufungua mioyo ya watoto, halafu hasemi neno hata moja juu ya kutunza kinachotoka humo. Hiyo Luka 2 unayoitegemea, soma mpaka mstari wa 51. Wazazi wamemtafuta Yesu siku tatu, wamehangaika, wamempata hekaluni, na Mariamu akayaweka hayo yote moyoni mwake. Hakuwakusanya majirani wa Nazareti kuwasimulia. Hata wazee wa hapa pwani walilielewa hili: siri za jando hazikutoka nje, na kijana alijua hivyo tangu anaingia. Sisi tunaojiita waombaji tunaweka za watoto wetu kwenye simu ya kila mtu.

Hivyo kwangu kanuni ni moja tu: alichokuambia mwanao ni chake, hakisemwi popote mpaka yeye akubali. Usikigeuze kuwa ombi la maombi. Usikiseme kwa "kijana mmoja ninayemfahamu", watu wanahesabu vidole na kufika kwako.

Ila likiwa jambo la kumdhuru, hilo huwezi kulikalia. La wangu lilinitaka niende kwa mwalimu wa darasa, na nilichelewa kwa sababu nilikimbilia ushirika kwanza. Akikuambia anapigwa, anachezewa, anatishwa, nenda shuleni, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Lakini mwambie yeye kabla hujatoka mlangoni: nakwenda kumwona fulani, nitasema hili na hili.

Nilimwomba msamaha uso kwa uso, nikamfuata na yule baba mwenzangu. Sasa yuko kidato cha tatu, ameanza kuniambia mambo tena. Ila kila mara anatanguliza swali: "Baba, hii ni ya sisi wawili?" Akishaitikiwa ndiyo anaendelea. Hajaacha kuuliza.

Gesti za Morogoro watakutajia wanaozijua. Wewe leo ingia kwenye kundi lenu uwaambie akina baba kwamba ushuhuda ule haupo, wasiusubiri, ili mwanao asije akakuta watu wanamuuliza safari ilikuwaje. Na picha, kama unaona ni lazima, muulize mkiwa bado njiani. Akikataa, usimbembeleze.