Wawili wasishike kifurushi kimoja

Mdogo wangu wa Chake Chake, unasema vijana wenu wanaojitolea kuhamishia programu kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, wamegongana, wawili kazi moja, na mwengine kashika vifurushi kisha hasemi wala haonekani.

Fungueni Makefile ya kifurushi, yaani faili la maelekezo ya kukijenga, mtazame mstari wa MAINTAINER, ndio jina la mlezi wake. Mkiona pameandikwa ports@FreeBSD.org, kifurushi hakina mlezi, chukueni. Akiwepo mlezi, mpelekeeni kiraka, yaani mabadiliko yenu ya msimbo, kwa Bugzilla, tovuti ya mradi ya kupokea ripoti. Akinyamaza wiki 2, wenye ruhusa wanaweza kukipitisha bila yeye. Na nyinyi fanyeni vivyo hivyo: anayeshika kitu aandike jina na tarehe, wiki 2 zikipita kimya apewe mwengine. Bila ya kumsema mtu, jamani. Pengine ana mitihani, au karafuu zimeiva na yuko shamba.

Anzeni na maktaba ambazo programu nyingi zinazitegemea, la sivyo mtu atakwama kwa kazi ya mwenzake. Kujenga vifurushi kwa Poudriere, chombo cha kuvijenga na kuvijaribu, kunakula bando na muda, kwa hivyo tafuteni kompyuta moja yenye nguvu iwe ya wote, waingie kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao. Kivinjari cha intaneti ni kazi kubwa mno kujenga, mimi simpi mgeni, hata akilia.