Anabeti, wanabeti, nimebeti: maswali yenu kuhusu kuchuja mitandao

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nalima avokado ya Hass, ekari moja na nusu. Tangazo la kufunguliwa kwa msimu wa kuvuna lilinipita siku tisa, ilhali kila jioni niko X. Ninachoona huko ni mikeka ya kubeti na ugomvi wa wanasiasa. Nifanyeje?
Mkulima, Kandara, Murang'a

JIBU: Hujambo, mkulima. Ukifungua X unapokelewa na ukurasa wa "For you", ambao hupanga machapisho kwa kukisia yatakayokushika. Tangazo la AFA, mamlaka ya kilimo na chakula, lililopendwa na watu kumi na wawili litazama chini ya ugomvi wenye majibu mia tano. Dawa ya kwanza ni orodha yako mwenyewe. Nenda kwenye menyu, fungua Lists, unda orodha mpya, iite "Avokado" na uifanye ya siri. Mtu unayemweka kwenye orodha ya siri hapati taarifa, wala si lazima umfuate. Anza na akaunti 15 hivi: AFA, KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo), idara ya hali ya hewa, serikali ya kaunti, wanunuzi wawili watatu wa eneo lenu, na maafisa wa kilimo wanaoandika mara kwa mara. Kisha ibandike (Pin) ili ikae juu ya ukurasa wa mwanzo kama kichupo. Jioni fungua hicho kwanza.

Dawa ya pili ni utafutaji. Bandika hii kama ilivyo:

(avocado OR ovacado OR avokado OR parachichi OR maparachichi) (bei OR price) since:2025-08-01 -filter:replies

Tarehe huanza na mwaka, weka yako. OR iwe kwa herufi kubwa, maana ikiwa ndogo inahesabiwa kama neno la kawaida, na "au" haieleweki kabisa. Usisahau mabano, la sivyo "bei" itashikamana na neno moja tu la kundi. Ile -filter:replies huondoa majibizano. Na usicheke "ovacado": wauzaji wengi huandika hivyohivyo, na ukiiacha unakosa soko. Matokeo yakitokea, hamia kichupo cha Latest, kisha hifadhi utafutaji huo usiuandike upya kila siku.

Sasa kubeti. Ingia mipangilio, faragha na usalama, kunyamazisha na kuzuia, halafu Muted words. Hapa ndipo Kiswahili kinapowashinda wengi. Kichujio hulinganisha neno zima, nasi maneno yetu hubadilika mbele. Ukinyamazisha "beti", "anabeti" inapita, "wanabeti" inapita, "nimebeti" inapita. Inabidi uyaingize moja moja: beti, kubeti, anabeti, wanabeti, tunabeti, nimebeti, mkeka, mikeka, jackpot. Majina nayo ni hivyohivyo, umoja na wingi. Alama ya reli (#) usiiweke. Neno tupu hunasa na hashtegi yake, lakini hashtegi hainasi neno tupu.

Neno moja la kuliogopa ni "tips". Wacheza kamari wanalitumia, na maafisa wa kilimo pia. Ndiyo maana tunashauri uanze na maneno manane au kumi, ukae wiki moja, uangalie yaliyopenya, ndipo uongeze. Ukimwaga maneno arobaini siku moja hutajua ni lipi linalokuficha habari za mbolea. Matangazo ya kulipiwa ni mkaidi zaidi. Hayo zuia akaunti yenyewe inayotangaza.

SWALI: Niko kazini mpaka usiku. Nataka kutazama marudio ya mechi ya watani bila kujua matokeo. Inawezekana?
Msomaji, Muscat

JIBU: Inawezekana, ukijiandaa kabla ya filimbi. Kwenye X nyamazisha Simba, Yanga, Mnyama, Msimbazi, Jangwani na Wananchi, kutoka kwa mtu yeyote, kwa saa 24. Ndiyo, kwa "Wananchi" utakosa na habari za serikali. Ndiyo sababu ya kuchagua saa 24 badala ya milele. Usiguse ukurasa wa utafutaji, kwa sababu kunyamazisha hakufiki huko. Picha ya ubao wa matokeo isiyo na maneno yoyote nayo hupenya.

Hatari kubwa zaidi ni WhatsApp. Kuzima sauti ya kundi hakutoshi, kwani mstari wa mwisho wa ujumbe huonekana kwenye orodha ya mazungumzo, na mtu akiandika "tatu bila" umekwisha. Weka kundi kwenye kumbukumbu (Archive) mpaka utakapomaliza kutazama. Status za mashemeji usizifungue.

SWALI: Wapendwa wahariri, nilitazama video moja ya ajali hadi mwisho, sasa TikTok yangu ni ajali tupu. Kwenye maoni nimeandika mara nyingi kwamba sizitaki, hazikomi.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Maoni yako ndiyo yanayoziita. Mtambo unaokuchagulia video hauna habari na hasira zako. Mtambo unachokiona ni kwamba ulisimama ukaandika. Ikitokea nyingine, ibonyeze na kuishikilia, chagua kwamba huvutiwi nayo, na upite haraka.

Kisha fungua wasifu wako, mistari mitatu, mipangilio, mapendeleo ya maudhui, na uweke maneno ya kuchuja: ajali, accident, maiti. "Basi" usiliweke hata kama ajali nyingi ni za mabasi, maana nusu ya maelezo ya Kiswahili yana "basi" ndani yake na utabaki na ukurasa mtupu. Kichujio husoma maandishi yanayoambatana na video, kama maelezo na hashtegi. Anayesimulia ajali kwa mdomo bila kuandika chochote anaweza kupita, na huyo ni wa kuzuiwa.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, palepale kwenye mapendeleo ya maudhui pana kitufe cha kuanza ukurasa upya. Unaowafuata watabaki, ila mapishi na mahubiri uliyozoea kuletewa yatapotea pia, na itabidi uufundishe mtambo tena kwa kutazama unachokitaka.