Namna ya kutofautisha egeria na haidrila kabla hujazitia kwenye tangi la samaki

Miaka minne iliyopita nilinunua fungu la mimea ya majini kwa muuzaji wa samaki wa mapambo, naye akaniambia kuwa ni elodea, jina ambalo katika biashara hii hupewa karibu kila mmea wenye shina jembamba lililozungukwa na majani madogo ya kijani. Mimi niliamini kuwa nimepata Egeria densa, mmea wa Amerika ya Kusini unaopendwa na wafugaji wa samaki kwa sababu hukua haraka na kufyonza naitreti, yaani chumvi inayotokana na uchafu wa samaki, majini. Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nikisafisha changarawe, niliokota vijiazi vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa nimefuga Hydrilla verticillata, yaani haidrila, kwa maana egeria haizai vijiazi.

Nilidanganyika kwa sababu niliutazama mmea kwa mbali, nikaridhika na umbo lake. Siku hizi, kabla ya kutia mmea wowote tangini, nachukua tawi moja, nalilaza katika sahani nyeupe yenye maji kidogo, kisha nahesabu majani yanayotoka kwenye kila fundo la shina. Anza kuhesabu katikati ya tawi, kwa kuwa sehemu ya chini hata egeria huweza kuwa na majani matatu tu, na nchani majani hubanana mno. Elodea ya kweli, ambayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini, huwa na majani matatu kwa kila fundo. Egeria huwa na manne kwa kawaida, ingawa yanaweza kuzidi. Haidrila huwa na manne hadi manane, na mara nyingi ni matano. Ukipata manne, basi, hesabu haijakuamulia jambo, na simshauri mtu yeyote aishie hapo.

Kidole ndicho shahidi bora. Ukingo wa jani la haidrila una meno yanayoonekana kwa macho, na upande wa chini, juu ya mshipa wa kati, mara nyingi huwa na vijiba vyenye ncha. Shika tawi kwa vidole viwili, uvipitishe taratibu kutoka nchani kuelekea shinani: haidrila hukwaruza kama ulimi wa paka, ilhali egeria huteleza, kwa sababu meno yake ni madogo kiasi kwamba yanahitaji lenzi. Hata hivyo, katika tangi langu lenye mwanga hafifu mkwaruzo huo ulikuwa umefifia sana, na ndiyo maana nasisitiza kuwa na lenzi, hata ile ya bei nafuu. Wekundu wa mshipa wa kati, ambao wengi huutaja kuwa alama ya haidrila, wakati mwingine haupo kabisa.

Lagarosifoni, mmea mwingine wa majini wa kusini mwa Afrika unaofanana na hii, haina haja ya mjadala mrefu: majani yake hayatoki kwa duara, bali hupanda shina kwa mzunguko, na ncha zake hujikunja kurudi nyuma.

Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa ni la wapenda majina tu. Kipande cha haidrila chenye fundo moja kinaweza kuota mmea mzima, na vijiazi vyake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka kadhaa. Katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria mmea huu ni wa asili, lakini Florida uliingizwa katika miaka ya 1950 kwa njia ya biashara ya mimea ya matangi ya samaki, ukaziba mifereji na maziwa. Sisi tulioona gugu maji likifunga njia za mitumbwi katika Ziwa Viktoria tunaelewa maana ya mmea wa mapambo kuponyoka.

Kwa hiyo usimwage maji ya tangi mtaroni pamoja na vipande vya majani. Vianike juani juu ya bati mpaka vivunjike mkononi. Changarawe yangu niliiosha mara ya kwanza nikadhani inatosha, na baada ya wiki tatu machipukizi yakajitokeza tena. Mara ya pili niliichemsha, sufuria baada ya sufuria, kwa siku mbili, na tangu hapo hakijachipua kitu.