Magongo ya barafu, mzee wa Moshi na kofia yake

SWALI: Salamu kijana wangu. Mwezi wa kwanza naenda Toronto kumsalimia binti yangu. Mkwe wangu ameshakata tiketi za magongo ya kwenye barafu, mechi ya Maple Leafs. Mchezo wenyewe siujui, na baridi naiogopa. Nijiandaeje?
Mwalimu mstaafu, Soweto, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nilipokuwa nasoma Toronto, jioni nilikuwa nauza soda na soseji kwenye uwanja huohuo, Scotiabank Arena, kwa hiyo hapa umefika penyewe.

Baridi isikunyime usingizi. Uwanja umeungana na stesheni ya Union. Mkishuka kwenye treni mnatembea ndani kwa ndani mpaka mlangoni. Humo ukumbini ni kama asubuhi ya Marangu mwezi wa saba, sweta na koti jepesi vinatosha. Lile koti zito la barabarani utaishia kulipakata mechi nzima, maana viti vimebanana. Begi kubwa acha nyumbani, watakurudisha mlangoni. Tiketi ziko kwenye simu ya mkwe, basi mwambie aichaji.

Mechi nyingi za jioni huanza saa 1 usiku. Ningekuwa wewe, ningefika mapema niwaone wachezaji wakipasha misuli, ukisogea karibu na kioo unasikia vyuma vya viatu vikikwaruza barafu. Runinga haikupi hiyo.

Sasa mchezo. Wageni wengi huumia shingo wakikitafuta kile kisahani cheusi cha mpira, ndicho wanachogombea kukiingiza golini. Kina gramu 170 hivi, hugandishwa kabla ya mechi kisidundedunde, na kikipigwa kwa nguvu kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Macho yetu ya uzeeni (na mimi nimo) hayakiwezi. Tazama mistari miwili ya bluu. Mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka mstari wa upande wa wapinzani kabla ya kisahani. Akitangulia ni kuotea, filimbi inalia. Ukishika hilo tu, nusu ya mbio unazoziona zitaanza kukuingia akilini. Usishangae pia watu kuruka ubao kuingia na kutoka wakati mchezo unaendelea. Si fujo, wanabadilishana, maana mtu hukimbia chini ya dakika moja hivi akawa hoi.

Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja, ila saa husimama kila filimbi ikilia, kwa hiyo hesabu saa mbili na nusu. Haja ndogo subiri mapumziko. Ukitoka katikati, wakati wa kurudi mhudumu atakusimamisha juu ya ngazi mpaka mchezo usimame, usije ukawakinga watu. Usimwone mkali.

Watu wawili wakivua glovu na kuanza kutwangana, tulia. Waamuzi huwaacha kidogo, kisha wanawaamua, na kila mmoja anapelekwa kibandani kukaa dakika 5. Kwa mwalimu wa zamani itakukera, najua. Mimi pia sijawahi kuipenda.

La mwisho: mchezaji mmoja akifunga mabao matatu, watu hurusha kofia zao barafuni. Kama umevaa balaghashia yako ya sikukuu, ishike kwa mikono miwili.

SWALI: Kaka, nami naenda hukohuko, lakini naishabikia Montreal. Nikivaa jezi yao Toronto nitapigwa?
Kijana wa Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Vaa, mdogo wangu. Huko mashabiki hawatengwi majukwaa, utakaa bega kwa bega na wenyeji. Utataniwa. Nawe ukiona wamezidi, waulize kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi yao, walilichukua lini mara ya mwisho. Ni 1967. Ila uliza ukiwa umeshamaliza kula, usije ukanyimwa chipsi.