Siku ya Tatu, Omba Jembe

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkaguzi wa hesabu, nimeolewa na nina watoto wawili. Nyumbani ni Dodoma. Ofisi imenileta Tanga kwa wiki sita, na mbili zimeshapita. Mchana sina shida, kazi inanimeza. Shida yangu ni jioni. Saa kumi na nusu nimeshafika gesti, nafunga mlango, naagiza chipsi mayai, nakula kitandani huku naperuzi simu mpaka usiku. Naogopa kutoka. Mwanamke kukaa mezani peke yake katika mji wa watu, watanionaje? Na posho naibana, tunataka kupaua nyumba. Mume wangu hupiga saa tatu: umekula, nimekula, watoto wamelala, haya usiku mwema. Nikikata simu nalia, halafu naona aibu, mtu mzima mimi. Yupo mwenzetu wa kazini, naye ana familia yake, hunitumia ujumbe jioni tukale pamoja. Nimekwenda mara tatu. Hajanitamkia lolote baya. Ila juzi hakuandika, nikajikuta naitazama simu mpaka saa tano. Hapo ndipo nilipojiogopa. Nifanyeje?*

*Mkaguzi, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Umefanya kama mgonjwa anayetaja ugonjwa wenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari. Jambo kubwa umeliweka mwishoni, basi mimi naanza nalo.

Hujakosa. Kusubiri ujumbe si dhambi, na kujiogopa kwako ni dalili kwamba akili yako iko macho. Lakini hebu tujiulize ulichokuwa unasubiri ni nini. Huyo bwana mnaonana kutwa nzima ofisini, na wewe mwenyewe umesema mchana kazi inakumeza. Humuwazi saa nne asubuhi. Unamuwaza saa mbili usiku, chumba kikiwa kimya na chipsi zimeshapoa. Unayemtaka ni mtu wa kukuuliza siku yako ilikuwaje, akae asikilize jibu. Ikawa aliyejitokeza ni yeye.

Nimepokea barua nyingi za mapenzi ya safarini, na nyingi kati ya hizo hazikuanza na tamaa. Zilianza na sahani mbili mezani na saa tatu za jioni zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo nakuambia wazi kama ningemwambia binti niliyemzaa: usile naye tena mkiwa wawili tu, kwa wiki zote nne zilizobaki. Akikuandikia, mjibu, "Asante, nimeshapata pa kula." Usiongeze neno. Wakienda wenzenu wote, nenda nao, kaa, kula, cheka. Mkibaki wawili, aga.

Sasa ili jibu hilo liwe kweli, lazima kweli upate pa kula.

Miaka mingi iliyopita nililetwa hapo hapo Tanga kwa kazi ya wiki nne. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, sina simu ya mkononi wala televisheni chumbani. Nilifikia gesti moja Ngamiani, ng'ambo ya reli, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Siku mbili za kwanza nilijifungia kama wewe. Ya tatu nilitoka kwa sababu ya njaa tu, nikamkuta mama mmoja barazani kwake, amezungukwa na nazi. Alikuwa muuza vitumbua. Mchele wake ulikuwa umelowekwa tangu mchana, alitaka kuusaga na tui, atie hamira na iliki, uumuke usiku ili alfajiri awe jikoni. Nikamwamkia, nikauliza kama ana chochote cha kula. Akanitazama, akasema vitumbua ni vya kesho, leo kuna nazi tu. Kisha akaisogeza mbuzi kwa mguu, akasema, "Kaa, nisaidie."

Sikuwahi kukalia mbuzi maishani. Kwetu bara nazi tuliiona ikiwa imeshakunwa. Akanishika viganja vyote viwili, akanionyesha namna ya kukizungusha kifuu kwenye meno ya mbuzi: taratibu, kwa mzunguko, usikandamize mahali pamoja, na ukianza kuona ukahawia acha, maana ukikwangua mpaka kwenye kifuu tui linaingia weusi na vitumbua vinaharibika sura. Nazi ya kwanza nilijikata kidole gumba. Ya pili iliteremka kwenye sinia, nyeupe, nyepesi, na harufu yake ikajaa baraza. Ilipoadhiniwa magharibi nilikuwa nimekuna nne, nami nimeshajua majina ya wajukuu zake wote na yupi kati ya majirani anadaiwa pesa za vitumbua. Akanipakulia wali na maharage ya nazi. Hakutaka hela yangu.

Wiki zote zilizobaki sikula chumbani hata siku moja.

Ule msemo tunaousema kila siku, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, huwa tunausema kwa mwenyeji, tukimhimiza asichoke na mgeni bali amshirikishe kazi. Mimi tangu jioni ile nausikia upande wa mgeni. Jembe ndilo linalomponya. Ukiwa huna jembe, kila mtu anayekutazama unadhani anakuhukumu. Ukishika jembe, hata liwe nazi na mbuzi, macho ya watu yanageuka, kwa sababu sasa wanajua upo pale kwa ajili gani. Wewe umekwama kwenye meza ya hoteli: nikikaa peke yangu watanionaje? Achana na meza. Meza imetengenezwa kwa watu waliokuja wawili wawili. Tafuta baraza, tafuta shughuli inayofanywa na wanawake jioni, uombe kushika kitu.

Tanga hilo si gumu. Mwaka 1893 ndipo miche ya mkonge ilipoingizwa nchini kutoka Florida, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ukaanza kutokea hapo Tanga. Tangu wakati ule mkoa huo umepokea watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi, manamba wa mashambani, makuli wa bandarini, mafundi, makarani. Wengi katika hao unaowaogopa Ngamiani, babu yao aliwahi kuwa kama wewe, mgeni na sanduku lake. Ndiyo maana wenyewe husema, waja leo, kuondoka majaaliwa. Hawatakushangaa. Watakachokushangaa ni kupita bila salamu. Pwani salamu hutangulia bei. Ukianza na "Shilingi ngapi?" kabla ya "Hamjambo?", umeshajitenga mwenyewe.

Basi leo ukitoka kazini usiingie chumbani. Ukishafunga ule mlango hutatoka tena, najua. Muachie begi dada wa mapokezi, utoke na viatu ulivyovaa. Jua hapo huzama saa kumi na mbili na kitu, kwa hiyo una karibu saa mbili za mwanga. Muulize yeye au mfagizi wa gesti, wala usimuulize mwanamume wa bajaji, nani anauza chakula cha jioni karibu, nani anasuka, nani anapaka hina. Nenda kwa mmoja. Kesho rudi kwa huyo huyo, saa ile ile. Kesho kutwa pia. Usizunguke mji mzima ukionja kila pahali, maana anayezunguka hubaki mgeni kila jioni. Hina nayo naipenda kwa sababu moja zaidi: ikishapakwa mikononi huwezi kugusa simu mpaka ikauke. Utalazimika kuzungumza.

Kama ni usafiri wa usiku, chukua dereva anayejulikana pale gesti, na ufukweni usikae mwenyewe giza likishaingia. Mengine ya tahadhari unayajua, wewe si mtoto.

Posho usiniambie. Hesabu wewe ndiye mkaguzi. Chipsi mayai za kuletewa chumbani kila siku, na bando la kuperuzi mpaka usiku wa manane, vinakugharimu kuliko sahani ya wali barazani. Tenga kiasi kidogo cha kila jioni na ukihesabu kuwa kimekwenda kazini, kama nauli. Bati za nyumba zitapatikana. Mke aliyerudi amekonda na amenuna, nyumba yenye bati itamsaidia nini?

Sasa mumeo. Nimeisoma ile simu ya saa tatu mara mbili. Umekula, nimekula. Mwanangu, huyo mtu si baridi, ila hana cha kushika. Unampa jibu la neno moja naye anarudisha la neno moja, kwa sababu jioni yako haina kitu cha kusimulia, na kilichomo, yaani kile chakula cha wawili na ule ujumbe, huwezi kukisimulia. Mpigie wewe kwanza, saa kumi na moja, kabla hujatoka. Mwambie unakwenda wapi na kwa nani. Mwanamke anayesema mapema halazimiki kujitetea baadaye. Halafu saa tatu utakuwa na habari: leo nimekuna nazi tatu, leo nimejikata, leo nimeambiwa mimi Mgogo sijui tui la kwanza na la pili. Wanao wakiwa bado macho wape simu wakusikilize. Na mwambie pia kwamba umekuwa ukilia. Usimwandikie, mwambie kwa sauti. Kulia ugenini hakumvunjii mtu mzima heshima. Mimi niliyekwisha kuzeeka nililia siku mbili zile za kwanza, na wala sikuwa nimeacha watoto nyuma.

Kuhusu yule bwana, sikushauri ukiri kwa mumeo kosa ambalo hukulifanya. Ila kuanzia leo usiwe na jioni ambayo usingeweza kumsimulia.

Jumamosi na Jumapili ndizo ndefu zaidi, nazo zinahitaji mwanga wa mchana. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, na mnaingia na kiongozi, kwa hiyo hutakuwa peke yako. Kusini, kwenye njia ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yake ya mawe. Upande huo huo wa kusini iko Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali muda mwingi wa maisha yake, akihamishwa kituo hiki na kile, Pangani mpaka Longido. Mkaguzi wa hesabu akisimama pale nadhani atakuwa na la kumwambia. Mwombe mama wa barazani akupe mjukuu mmoja wa kukusindikiza. Hatakataa, ukishakuwa umemkunia nazi wiki nzima.

Ukimaliza kazi, siku ya kuondoka pita kwake kwanza kabla ya stendi, umuage kwa jina. Na sokoni nunua mbuzi moja na nazi mbili tatu uende nazo Dodoma, wanao waone mama yao amejifunza nini.

Shangazi yako