Jibu: Ukurasa wa wilaya usio na wasomaji

Ndugu, umeuliza kwa nini wilaya yenu inabandika matangazo Facebook kila siku na hakuna anayejibu. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, na tangu hapo watu wakazoea kupitia VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Mama muuza mihogo hatahangaika na hayo, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 juu yake.

Hamieni WhatsApp, kwenye makundi ya wenyeviti wa LC1, yaani halmashauri za vijiji. Tena tumeni sauti, si picha ya barua yenye mhuri isiyosomeka kwenye simu ndogo. Dakika moja, kwa lugha ya pale: maji yatakatika lini, chanjo iko kituo gani cha afya, nani apigiwe.

Kinachoniuma zaidi ni swali la mwananchi kukaa wiki nzima bila hata "tumeliona". Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inatoa siku 21 kujibu ombi rasmi. Kwenye kundi, mkingoja siku zote hizo, watu watakuwa wameshakata tamaa. Apewe kazi ya kujibu afisa mmoja, ajulikane kwa jina.

Wasio na simu janja waiteni kwenye Baraza la tarafa, yaani mkutano wa hadhara wa wananchi na viongozi, na majibu ya huko yatumwe kwenye kundi siku hiyohiyo.