Priampu ya valvu inaunguruma? Weka chini risasi ya kulehemu kwanza

Wadogo zangu wa Mtwara, nimeletewa tena priampu ya gramafoni (kikuza sauti cha mwanzo, hiki ni cha valvu za kioo) inayounguruma, na mwenyewe ameshabadilisha kapasita zote. Kapasita za volti 400 mnaziagiza Dar kwa pesa ya kuungaunga, kisha mnazichoma kwa kubahatisha. Inaniuma.

1. Sikiliza. Umeme wetu ni Hz 50. Mngurumo mzito wa Hz 50 hutoka kwenye hita (waya unaopasha valvu moto), transfoma au ethi. Ule wa Hz 100, mkali kama nyuki, kashike rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na kapasita zake.

2. Chomoa gramafoni, ziba ingizo kwa plagi ya RCA (ile ya waya wa sauti, pini moja katikati ya ganda) uliyounga pini na ganda lake. Kukinyamaza, tatizo liko nje. Angalia waya wa ethi wa gramafoni kabla ya kingine chochote.

3. Ethi. Kijana mmoja wa Shangani alileta kazi safi, valvu mbili za ECC83, nyaya zimelala vizuri, ila kila ethi ameigandisha kwenye bati la sanduku palipo karibu. "Fundi, ethi si ethi tu?" Hapana, mdogo wangu. Waya nao ni rezista. Ampea 0.1 ya kuchaji kapasita ikipita kwenye ohmu 0.01 inaacha milivolti 1, na katriji yako ya MM (kichwa cha sindano chenye sumaku) inatoa kama 5 tu! Halafu RIAA (marekebisho ya sauti ya sahani ndani ya priampu) inainua Hz 100 hiyo ya rektifaya karibu mara 4.5 kuliko Hz 1,000. Priampu ya kukuza mara 100 hapo inakuza karibu mara 450. Tukang'oa zote. Hasi ya rektifaya ikaenda moja kwa moja kwenye kapasita ya kwanza, kutoka hapo waya mmoja ukapita hatua kwa hatua hadi ingizo. Soketi za RCA tukazitenga na bati kwa washa za plastiki, tukapima kwa mita: kimya, haziungani. Ndipo tukaunga bati sehemu moja tu, pale kwenye ingizo. Alipowasha alisogeza sikio hadi kwenye spika, akaniuliza kama imewaka kweli.

4. Msikate pini ya ethi ya plagi. Nasema kila mwaka! Waya wa moto ukigusa bati, mwenye kushika sanduku ndiye anakuwa ethi. Kama ukiikata mngurumo unapungua, umeshajua: vyombo viwili vimefanya mzunguko wa ethi. Irudishe pini, katengeneze huko. Na fito la ethi la nyumba mwambie fundi umeme alipime kiangazi, mchanga wetu ukiwa mkavu.

5. Nyaya za hita zisukwe, zilale kwenye kona ya bati.

6. Hewa ya bahari inakula soketi za valvu. Safisha pini.

7. Ukizima, pima kapasita kubwa kwa mita mpaka zishuke. Volti 250 hazijali kwamba umechomoa plagi.

Ikigoma bado, njoo nayo jioni, pamoja na mchoro wa kila waya wa ethi unakoanzia na unakoishia.